Uteuzi na Usawazishaji wa Valvu katika Kompresa ya Sauti ya Stereo Inayoundwa kwa Mikono: Mfano wa Urekodi wa Kasida na Ngoma Kigoma-Ujiji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua na kusawazisha valvu za kompresa ya sauti ya stereo inayoundwa kwa mikono. Mfano unaotumika ni urekodi wa kasida na ngoma katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambako pigo moja la dufu linaweza kuihamisha sauti ya kiongozi kutoka mahali pake ikiwa valvu za kushoto na kulia hazilingani. Hoja kuu ni kwamba kulinganisha valvu kwa kipimo kimoja, kama wauzaji wengi wafanyavyo, hakutoshi kwa mashine ya aina hii. Kinachopaswa kulinganishwa ni mkunjo mzima wa ukuzaji kadiri valvu inavyobanwa. Makala yanabainisha pia tofauti zipi kati ya valvu mbili zinarekebishika kwa saketi na ipi hairekebishiki kwa namna yoyote.

1.0 Utangulizi

Neno kompresa likitajwa katika soko la Mwanga mjini Kigoma, msikilizaji hufikiria kwanza mashine ya kujaza upepo kwenye matairi, au ile iliyo nyuma ya jokofu. Kompresa ya sauti haihusiani na upepo wala ubaridi, ingawa wazo la kubana ni lilelile. Ni chombo kinachokaa kati ya mikrofoni na kinasa sauti, au kati ya kinasa na nakala ya kusikilizwa, kikipunguza ukuzaji pale sauti inapopanda na kuurudisha inaposhuka.

Haja ya chombo hicho huonekana mapema kwa anayerekodi kasida Ujiji. Mji huo ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi, na tarika ya Kadiria ina mizizi ya muda mrefu huko. Kasida huongozwa na sauti moja, huitikiwa na kundi, na mara nyingi husindikizwa na dufu. Pigo la dufu lililo karibu na mikrofoni hufikia kilele kilicho juu sana kuliko sauti ya kiongozi, ilhali kilele hicho hudumu kwa milisekunde chache tu. Kinasa kikitegwa kwa kipimo cha dufu, maneno ya kasida huzama. Kikitegwa kwa kipimo cha sauti, dufu hupasuka. Hali haitofautiani sana kwa ngoma za Waha wa Kasulu na Buhigwe, wala kwa ngoma za Wabembe ambao asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, jambo hili si la mafundi peke yao. Katika utendaji wa majibizano, mwelekeo wa sauti ni sehemu ya data. Mikrofoni mbili zikiwekwa mbele ya kundi, rekodi ya stereo huonyesha nani yuko kushoto, nani yuko kulia, kiitikio kinaanzia wapi na kinaenea vipi. Anayenukuu rekodi hiyo miezi kadhaa baadaye hutegemea mielekeo hiyo kutenganisha waitikiaji ambao sauti zao zinafanana. Ikiwa mashine iliyobana sauti imeihamisha sauti ya kiongozi kila dufu lilipopigwa, msikilizaji anaweza kuandika kwamba kiongozi alikuwa akitembea, au mbaya zaidi, kwamba palikuwa na viongozi wawili.

Kwa sababu hiyohiyo, mbano haupaswi kugusa nakala ya hifadhi. Mwongozo wa TC-04 wa Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha Jongevu, IASA, unataka nakala ya hifadhi iwe na angalau kilohezi 48 na biti 24, bila kubadilishwa kwa ladha ya anayehamisha. Kompresa inayojadiliwa hapa ina nafasi yake katika nakala ya pili: ya kusikilizwa, ya kunukuliwa, ya kurushwa redioni.

Mtahini anaweza kuuliza kwa nini valvu, wakati programu ya kompyuta hubana njia mbili kwa ulinganifu kamili na bila gharama ya valvu hata moja. Swali ni la haki. Anayetaka ulinganifu peke yake anashauriwa kutumia programu. Kompresa ya valvu hupendelewa kwa namna inavyoanza kubana polepole na kuongeza mbano kadiri sauti inavyozidi, tabia inayozipa sauti za waimbaji ulaini. Aidha, mafundi wanaounda mashine hizi wapo, na wanastahili maelezo yanayotoka nje ya mazoea ya kubahatisha.

2.0 Valvu inavyobana

Katika valvu, kathodi iliyopashwa moto hutoa elektroni zinazovutwa na anodi yenye volti chanya. Kati yao ipo gridi, waya mwembamba uliozungushwa kama chemchemi. Volti hasi ndogo kwenye gridi huzuia sehemu ya elektroni, na badiliko dogo la volti hiyo huleta badiliko la mkondo wa anodi. Kiwango cha uhusiano huo huitwa transkondaktansi. Kadiri kilivyo kikubwa, ndivyo ukuzaji ulivyo mkubwa.

Gridi ya valvu ya kawaida, kama ECC83 iliyomo katika vikuza sauti vingi, ina mizunguko yenye nafasi sawa. Volti hasi ikifikia kiasi fulani, mkondo hukatika takribani kwa mara moja. Hiyo ni valvu ya mkato wa ghafla. Valvu ya mkato wa mbali ina gridi yenye mizunguko iliyosongamana mahali pamoja na kuachana mahali pengine. Sehemu iliyosongamana hukatika kwanza, sehemu yenye nafasi huendelea kupitisha elektroni, na kwa hiyo ukuzaji hushuka taratibu badala ya kuanguka. Stuart Ballantine na H. A. Snow waliieleza valvu ya namna hii nchini Marekani mwaka 1930, wakiwa na redio akilini: kipokezi kilihitaji kupunguza ukuzaji chenyewe pale kituo chenye nguvu kilipoingia, bila kuikwaruza sauti. Yeyote aliyewahi kusikiliza masafa mafupi usiku kando ya ziwa, stesheni ikipanda na kushuka kama mtumbwi, anaelewa haja hiyo.

Kompresa ya sauti imeazima hila hiyo. Sehemu ya sauti inayotoka huchukuliwa, hugeuzwa kuwa volti hasi ya mkondo mnyoofu, kisha hurudishwa kwenye gridi. Sauti ikipanda, volti hiyo ya udhibiti huzidi kuwa hasi, na ukuzaji hushuka. Kapasita na rezista huamua kasi ya kubana na kasi ya kuachia. Fairchild 670, kompresa ya stereo iliyobuniwa na Rein Narma, fundi mzaliwa wa Estonia, ilikuwa na valvu 20 na iliweza kubana kwa sehemu ya 0.2 ya milisekunde. Kwa dufu, kasi hiyo ni kubwa kupita kiasi: hukata ncha ya pigo, na dufu husikika kama sanduku la mbao.

Saketi nyingi za aina hii hutumia mpangilio wa sukuma-vuta. Sauti huingia katika nusu mbili za valvu ikiwa na ishara zinazopingana, huku volti ya udhibiti ikiingia katika nusu zote mbili kwa ishara moja. Transfoma ya kutokea hujumlisha sauti na kufuta volti ya udhibiti. Nusu hizo zisipolingana, ufutaji haukamiliki, na kila mbano huambatana na kishindo kizito cha chini.

3.0 Kwa nini stereo hubadili masharti

Katika kompresa ya njia moja, tofauti kati ya valvu na valvu haina madhara makubwa. Volti ya udhibiti hutokana na sauti inayotoka, hivyo valvu inayobana kwa ukali zaidi hupunguza sauti hiyo, nayo sauti iliyopungua huzalisha volti ndogo zaidi ya udhibiti. Mrejesho hujisahihisha. Fundi anaweza kubadilisha valvu na asisikie chochote.

Kompresa mbili za namna hiyo zikiwekwa bega kwa bega, kila moja ikijitegemea, tatizo jingine huzuka. Dufu lililo kushoto hubana njia ya kushoto peke yake, na kila kilicho katikati husogea kulia kwa muda. Ndiyo maana njia mbili huunganishwa: volti moja ya udhibiti, kwa kawaida ile iliyo kubwa zaidi kati ya mbili, hupelekwa kwenye valvu zote. Kushoto na kulia hubanwa pamoja, na taswira hubaki mahali pake.

Lakini muunganiko huo una gharama ambayo maelezo mengi ya kuundia mashine hizi hupita bila kuitaja. Mara volti ya udhibiti inapokuwa ya pamoja, mrejesho hauwezi tena kusahihisha tofauti ya valvu moja na nyingine. Hauzioni kama mbili. Valvu ya kushoto ikipokea volti 6 hasi na kupunguza desibeli 8, na ya kulia ikipokea volti hizohizo na kupunguza desibeli 10, tofauti ya desibeli 2 inabaki ilivyo, nayo huonekana na kutoweka pamoja na kila pigo. Kifaa kilichowekwa kulinda taswira kinakuwa kimeikabidhi taswira hiyo kwa valvu zenyewe.

Desibeli 1 ni tofauti ya takribani asilimia 12 katika volti. Inatosha kusogeza sauti iliyo katikati kwa kiasi kinachosikika, hasa kwa kisikizi cha masikioni. Desibeli 15 hadi 18 huisukuma yote kwenye spika moja. Tofauti isiyobadilika si kitu kwa kuwa kitufe cha kiwango huiondoa. Sikio hunasa ile inayobadilika kwa kufuata mdundo, kwa kuwa sikio lenyewe linaufuata mdundo huo.

Athari hii haiishii kwenye ala. Rekodi iliyofanywa karibu na mwalo wa Kibirizi huwa na mngurumo wa injini za mitumbwi, upepo, na mawimbi yanayopiga ufukweni. Kompresa ikiachia baada ya pigo, kelele hiyo hupanda, ikibana, hushuka. Mafundi huita hali hiyo kuhema. Valvu zikilingana, ziwa huhema mahali pamoja. Zisipolingana, ziwa hupepesuka kutoka upande huu hadi huu, na hakuna kichujio kinachoweza kuliponya hilo baadaye.

4.0 Kuchagua aina

Valvu iliyotumika katika Fairchild 670 ni 6386, iliyotengenezwa na General Electric, nne kwa kila njia. Kila 6386 ina nusu mbili, hivyo kila upande wa sukuma-vuta ulikuwa na nusu nne zilizounganishwa sambamba. Wingi huo ulikuwa na faida ya kitakwimu: tofauti zisizo na mpangilio hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo wastani wa nusu nne hutofautiana na wastani mwingine wa nusu nne kwa takribani nusu ya tofauti ya valvu mojamoja. Valvu za zamani za 6386 sasa ni adimu na ghali. JJ Electronic ya Slovakia imetengeneza toleo jipya la aina hiyo, nalo si rahisi kwa mfuko wa fundi wa mtaani.

Zipo mbadala. 6BC8 ina nusu mbili na mkato usio wa mbali sana, na ilitumika katika kompresa ya Universal Audio 176. ECC189, ambayo jina lake la Marekani ni 6ES8, iliundwa kwa ajili ya sehemu ya kuchagulia stesheni katika televisheni. Ina mkato wa mbali, lakini haipendi volti kubwa kwenye anodi: kikomo chake ni volti 130, na fundi anayeichomeka katika saketi ya 6BC8 bila kusoma jedwali la mtengenezaji ataiua mapema. 5670 huingia katika soketi ya 6386 kwa mpangilio uleule wa miguu, jambo linalowavutia wengi, ila mkato wake ni wa ghafla zaidi na mbano wake mkubwa huja na mkwaruzo.

Chaguo ambalo makala haya yanalipendelea kwa mazingira ya Kigoma ni 6BA6, inayojulikana Ulaya kama EF93. Ni valvu ya nusu moja, ya mkato wa mbali, iliyotumika kwa wingi katika redio za umeme za miaka ya 1950. Gridi ya pili ikiunganishwa na anodi, hufanya kazi kama valvu ya gridi moja. Manley, watengenezaji wa kompresa wa Marekani, walitumia mbinu hiyo kuiepuka 6386 na 5670. Bei yake ni ndogo, lakini sababu kubwa zaidi ya kuipendelea ni uhuru wa kuchagua. Katika valvu ya nusu mbili, nusu hizo zimeozeshwa ndani ya kioo kimoja. Moja ikiwa nzuri na mwenzake mbaya, hakuna talaka. 6BA6 huchaguliwa mojamoja. Kompresa ya stereo inahitaji nne, na katika valvu 12 mna makundi ya wannewanne 495.

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza ununuzi. Mzigo unaoagizwa nje hupitia Dar es Salaam kabla ya kufika Kigoma kwa reli au barabara, zaidi ya kilomita 1,200, na kumrudishia muuzaji wa ng'ambo valvu isiyofaa hugharimu kuliko valvu yenyewe. Ni afadhali kununua 12 za bei ndogo zisizochaguliwa kuliko jozi moja ghali iliyobandikwa karatasi ya kwamba imelinganishwa. Karatasi hiyo kwa kawaida inamaanisha kwamba mkondo wa anodi, na pengine transkondaktansi, vilipimwa mahali pamoja tu, tena mahali ambapo kompresa haijaanza kubana.

Redio za zamani ni chanzo kingine, kwa tahadhari. Zile za umeme zinaweza kuwa na 6BA6 au EF89, ambayo pia ni ya mkato wa mbali. Za betri hazifai. Redio mashuhuri ya Saucepan Special, iliyotolewa mwaka 1949 kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo bandari yake ya Mpulungu ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari ya meli ya Liemba kutoka Kigoma, ilikuwa ya valvu na betri. Valvu za betri kama DF91 zina waya wa moto wa volti 1.4 ambao wenyewe ndio kathodi. Hutetemeka kwa mguso mdogo na mtetemo huo huingia katika sauti. Zinastahili kubaki katika redio zao.

5.0 Kupima mkunjo

Kipimio kinaweza kuundwa kwa soketi mbili, ugavi wa volti 100 uliothabiti kwa anodi, ugavi wa volti 6.3 kwa hita, na betri yenye potenshomita ya kutolea volti ya udhibiti. Volti 100 zimependekezwa kwa kuwa ziko ndani ya mipaka ya aina zote zilizotajwa, hata ECC189. Kapasita za ugavi huo ziwekewe rezista ya kuzimua chaji, na mkono usiguse waya kabla multimita haijaonyesha kwamba volti zimeshuka.

Valvu ngeni iachwe ikiwaka kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kipimo cha kuaminika, na kila kipimo kitanguliwe na nusu saa ya kupasha. Wakati huo huo zichujwe mbovu. Valvu igongwe polepole kwa kalamu ya risasi: inayolia kama kengele iwekwe kando. Kisha rezista ya megaomu 1 iingizwe katika njia ya gridi. Mkondo wa anodi ukibadilika waziwazi, valvu ina gesi ndani, na katika kompresa itateleza yenyewe, kwa sababu saketi za muda zina rezista kubwa za aina hiyohiyo.

Baada ya hapo sauti ndogo ya sine, milivolti 50 hivi, huingizwa kwenye gridi, na volti ya udhibiti huongezwa hatua kwa hatua. Multimita za kawaida hupima volti geu kwa uhakika karibu na masafa ya umeme wa nyumbani na hupotoka yanapopanda. Kwa hiyo hezi 200 ni chaguo salama kuliko hezi 1,000 zilizozoeleka. Mwenye kompyuta na kadi nzuri ya sauti hana kizuizi hicho.

Tarakimu zifuatazo zimebuniwa ili kuonyesha hoja. Si vipimo vya valvu fulani. Zinaonyesha ukuzaji kwa desibeli.

Jedwali la 1: Ukuzaji wa valvu tatu kwa volti nne za udhibiti

Volti ya udhibiti: 0 | −2 | −4 | −8
Valvu A: 12.0 | 9.9 | 7.0 | 0.8
Valvu B: 12.0 | 9.8 | 6.1 | −1.8
Valvu C: 11.4 | 9.3 | 6.5 | 0.2

Muuzaji anayepima mahali pa kwanza ataziuza A na B kama mapacha. Zinafanana hadi volti 2, kisha huachana: desibeli 0.9 katika volti 4, desibeli 2.6 katika volti 8. C itatupwa kwa kuwa ni dhaifu. Lakini A na C hutofautiana kwa desibeli 0.5 au 0.6 kila mahali, tofauti ambayo potenshomita moja huifuta. Jozi ya kununuliwa ni A na C.

Tofauti za mikunjo, kwa hiyo, si za daraja moja. Mkunjo uliopanda au kushuka mzima mzima hurekebishwa kwa kiwango cha ukuzaji. Uliosogea kando, yaani valvu moja inaanza kubana volti kadhaa mapema kuliko nyingine, hurekebishwa kwa kuipa kila njia volti yake ya msingi ya gridi. Ulionyooka zaidi au kulala zaidi hurekebishwa kwa kugawanya volti ya udhibiti ya njia moja kwa rezista, ili valvu kali ipokee, tuseme, asilimia 90 ya ile ipokewayo na mwenziwe. Inayobaki ni tofauti ya umbo lenyewe: mkunjo mmoja una tumbo mahali ambapo mwingine umenyooka. Umbo limetokana na gridi ilivyozungushwa kiwandani, na hakuna potenshomita inayoligusa. Uchaguzi wa valvu ni uchaguzi wa umbo. Mengine yote ni kazi ya bisibisi.

Njia rahisi ya kulinganisha maumbo ni kuchora kila mkunjo kwenye karatasi inayopitisha nuru, kisha kuziweka karatasi mbili juu ya dirisha na kuzisogeza juu, chini na kando hadi mistari ilingane. Usogezaji uliohitajika huonyesha marekebisho yatakayohitajika. Mistari ikikataa kulingana hata baada ya kusogezwa, jozi hiyo haifai.

6.0 Kusawazisha mashine nzima

Mpangilio wa hatua una umuhimu, kwa kuwa kila rekebisho hugusa lile lililotangulia. Volti ya msingi ya gridi huwekwa kwanza. Hufuata mizani ya sukuma-vuta: bila sauti yoyote kuingia, volti ya udhibiti hurushwa ghafla kutoka 0 hadi kiasi cha mbano wa desibeli 10, na potenshomita ya kathodi hugeuzwa hadi kishindo kinachotoka kiwe kidogo kabisa. Jaribio lirudiwe kwa mbano wa desibeli 3, kwani mizani iliyopatikana mahali pamoja haihakikishi pengine. Kishindo kikitoweka huku na kurudi kule, nusu mbili za njia hiyo hazina umbo moja, na valvu zibadilishane nafasi kabla ya kuendelea.

Ndipo njia mbili hulinganishwa. Sauti moja huingizwa kushoto na kulia, muunganiko ukiwa umewashwa. Ishara ya njia moja hugeuzwa, na matokeo hujumlishwa. Njia zikilingana kabisa, hakuna kinachosikika. Kinachobaki ni kipimo cha kutolingana: tofauti ya desibeli 1 huacha mabaki yaliyo desibeli 19 chini ya sauti ya njia moja, tofauti ya 0.5 huacha mabaki ya desibeli 25 chini, na tofauti ya 0.1 desibeli 39 chini. Kwanza ukuzaji husawazishwa bila mbano. Kisha mashine hubanwa kwa desibeli 10 na kigawanyo cha volti ya udhibiti hugeuzwa hadi mabaki yapungue. Halafu hurudiwa bila mbano, na tena kwa 10, mara tatu au nne. Mwisho hukaguliwa kwa 5, ambapo hakuna kinachoweza kugeuzwa bila kuharibu vingine. Hapo ndipo umbo la mkunjo hujionyesha. Mabaki yakibaki desibeli 25 chini au zaidi katika sehemu zote tatu, mashine inafaa kwa kasida. Kudai zaidi ya hapo ni kutafuta sifa.

Kipimo cha sine hakimalizi kazi. Dufu lililorekodiwa likiingizwa njia ya kushoto na sauti ya mtu katikati, msikilizaji avae kisikizi na afumbe macho. Sauti ikitikisika pamoja na dufu ilhali mabaki ya sine ni madogo, tatizo haliko kwenye valvu bali kwenye kapasita za muda, na fundi atakuwa ameokoa pesa ya valvu nyingine.

7.0 Umeme na unyevu

Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli zilizojitenga na gridi ya taifa, na wenyeji wanajua taa inayofifia. Umeme wa volti 230 ukishuka hadi 207, hita ya volti 6.3 hupata volti 5.67 na kathodi hutoa elektroni pungufu. Valvu mbili hazipungui kwa kiasi sawa, hasa moja ikiwa imechakaa kuliko nyingine. Kompresa iliyosawazishwa asubuhi inaweza kupotoka jioni, majiko na televisheni zinapowashwa. Hita zipewe mkondo mnyoofu uliodhibitiwa kwa kidhibiti volti, na ugavi wa gridi vilevile. Kidhibiti kimoja kilishe njia zote mbili, ili kosa lolote litakalobaki liwe la pamoja.

Msimu wa mvua una dosari yake. Njia ya volti ya udhibiti ina rezista za megaomu, na soketi yenye vumbi lililolowa huwa rezista nyingine isiyo katika mchoro. Huvujisha volti, na kuachia kwa njia moja huwa haraka kuliko kwa nyingine. Soketi za kauri husafishika kwa spiriti kuliko za plastiki. Jaribio la mabaki lirudiwe mvua zinapoanza na zinapokatika, na kila valvu ibandikwe nambari yake pamoja na tarehe ya mkunjo wake wa mwisho. Valvu za akiba zilizosalia katika zile 12 zipimwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mwenza wa valvu iliyozeeka miaka miwili mara nyingi si yule aliyefanana nayo ilipokuwa mpya.